Hukumu Isiyo na Hoja: Juu ya Uadilifu katika Kuwateua Washindi wa Tuzo za Fasihi na Taaluma ya Kiswahili

Swala la haki katika uteuzi wa washindi wa tuzo ni miongoni mwa maswala ambayo wanataaluma wa Kiswahili huyazungumza sana na kuyaandika kwa nadra. Tuzo ikishatangazwa, maneno huanza: fulani amepewa kwa kuwa aliwahi kufundishwa na mwenyekiti wa jopo, fulani amenyimwa kwa kuwa hakutoka pwani, au kwa kuwa alitoka pwani mno, kampuni fulani ya uchapishaji imepata zamu yake. Maneno haya huanzia barazani, hupita katika vyumba vya walimu, hufika hata Eldoret, ambako habari za Nairobi huwasili zikiwa zimekwisha tiwa chumvi, na huishia huko huko. Matokeo yake ni kwamba lawama haina mwenyewe, na utetezi nao hauna wa kumjibu.

Makala haya yanakusudia kulitoa swala hili barazani na kulileta katika uwanja wa uhakiki, kwa kuwa huko ndiko kwao hasa. Hoja inayoshikiliwa hapa ni moja: kutoa tuzo ni kutoa tahakiki. Mhakiki anayesema kwamba kitabu fulani ni bora kisha akanyamaza hajahakiki kitu. Kadhalika jopo linalotaja jina la mshindi katika karamu ya jioni, likapiga picha na kutawanyika, limetoa hukumu isiyo na hoja, na hukumu ya namna hiyo haiwezi kuitwa ya haki wala ya dhuluma, maana hapana cha kuipimia.

Mfano ulio bora kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni ule wa mwaka 1974. Mwaka huo Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, kwa upande wa Kiswahili, alipewa Abdilatif Abdalla kwa diwani yake Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Kisa cha diwani hiyo kinajulikana. Mtunzi alikuwa kijana wa Mombasa aliyeandika mwaka 1968 kijikaratasi cha siasa kilichoitwa Kenya: Twendapi?, akakilaumu chama tawala na serikali yake. Alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Mashairi aliyatunga gerezani, sehemu kubwa akiwa peke yake, akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Alipofunguliwa alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Basi tuzo iliyopewa jina la rais ikatua mikononi mwa mtu aliyefungwa na serikali ya rais huyo huyo, naye rais bado yu kitini.

Mwaka huo huo wa 1974, mjini Stockholm, Chuo cha Uswidi kilitoa Tuzo ya Nobel ya fasihi kwa waandishi wawili, Eyvind Johnson na Harry Martinson. Wote wawili walikuwa wajumbe wa Chuo hicho hicho. Majina ya Graham Greene na Vladimir Nabokov yalikuwa yakitajwa sana wakati huo. Hakuna kati yao aliyepata kuipokea tuzo hiyo hadi kufa kwake. Mwamba ngoma, wahenga walisema, huvutia kwake.

Ni rahisi mno kuziweka tuzo hizi mbili sambamba na kutamka kwamba Nairobi palikuwa na ushujaa na Stockholm palikuwa na aibu. Tofauti hiyo ipo, wala haifai kufichwa. Lakini mhakiki hana budi kuuliza kosa la Stockholm lilikuwa nini hasa. Martinson ndiye mtunzi wa Aniara, utenzi wa mwaka 1956 kuhusu chombo cha angani kilichopotea njia kikiwa kimebeba wanadamu, na wapo wasomaji wengi wa Ulaya wanaoihesabu kuwa miongoni mwa kazi kubwa za karne iliyopita. Yamkini alistahili. Dhuluma ya uteuzi ule ni kwamba ulimnyang'anya mshindi mwenyewe uwezo wa kuaminiwa. Tangu siku ile hapakuwa na njia ya kulitenga jina la Aniara na jina la kiti alichokalia mtunzi wake. Waandishi wa magazeti ya Uswidi walimshambulia kwa ukali. Johnson alifariki mwaka 1976, na Martinson alijiua mwaka 1978. Wanaodhani kwamba upendeleo humdhuru yule aliyenyimwa tu wautafakari mfano huu.

Kwa upande wa Nairobi, hukumu iliaminika kwa sababu iliwagharimu waamuzi kitu, au angalau ingaliweza kuwagharimu. Hata hivyo hatari aliyoingia mwamuzi haiwezi kuwa kipimo cha ubora wa shairi. Mpinzani angeweza kusema, na kwa haki kabisa, kwamba waamuzi wale walimwonea mfungwa huruma, wakaituza dhiki badala ya sauti. Pingamizi hii haijibiwi kwa kuusifu ujasiri wao. Hujibiwa kwa kuyarudia mashairi.

Na mashairi yanajibu. "Mamba" ni shairi la fumbo: mnyama anayetamba mtoni kwa kuwa maji ni yake, ambaye hata hivyo atakufa kama afavyo kila kiumbe. Msomaji asiyejua lolote juu ya kesi ya mwaka 1969 hulisoma na kulielewa, na msomaji anayeijua hulisoma mara ya pili kwa jicho jingine. Uwezo wa kubeba masomo mawili pasipo moja kulivunja jingine ndio alama ya fumbo lililokomaa. "Mnazi: Vuta N'kuvute" linaichukua bahari kongwe ya kujibizana na kuwapa ndugu wawili wanaogombea mnazi zamu za kusema. Kila mmoja anapewa hoja nzito, na mizani ya mishororo inakuwa ni mizani ya mashtaka na utetezi. Hapa fani yenyewe inafanya kazi ya maudhui, jambo ambalo washairi wengi wa miaka ile walilitangaza na wachache walilitimiza. Kwa upande mwingine, si kila shairi la diwani hiyo lina nguvu sawa. "Siwati" husifiwa sana, nalo lina ari ya kweli, lakini nguvu yake hutoka katika msimamo unaotangazwa waziwazi zaidi kuliko katika taswira, na mhakiki mkali anaweza kudai kwamba msomaji huupenda moyo wa msemaji kabla hajalipenda shairi. Jopo lililoandika sababu zake lingeweza kusema yote mawili, sifa na upungufu, na tuzo isingepungua kitu. Ingepata mizizi.

Katika vyuo vingi dawa inayopendekezwa dhidi ya upendeleo ni kuficha majina. Miswada ipewe nambari, mwamuzi asijue anamsoma nani. Dawa hii ina kazi yake, lakini kwa Kiswahili ina udhaifu ambao haujatiliwa maanani ya kutosha. Lugha hii humfichua mtunzi. Mwenye kuandika mato mahali pa macho, ndia mahali pa njia, au teka mahali pa cheka, amekwisha jitaja kuwa ni mtu wa Mombasa au wa kaskazini yake kabla msomaji hajafika ubeti wa pili. Washairi wa Kimvita wanaotunga kwa kiwango cha juu hawazidi mduara ambao kila mwalimu wa ushairi anaweza kuuhesabu kwa vidole. Nambari juu ya mswada wa aina hiyo ni buibui la kioo.

Lahaja inaleta tatizo jingine lililo zito zaidi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa na mamlaka ya kuipitia miswada na kukipa kitabu ithibati ya lugha yake. Ithibati ile ilikuwa tuzo ya kwanza ya Kiswahili chapwa, ingawa haikuitwa hivyo, na kwa miaka mingi iliwafundisha wasomaji kudhani kwamba usanifu wa lugha na ubora wa sanaa ni kitu kimoja. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilipoendesha shindano lake la hadithi la mwaka 1957 na 1958, mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Ushindi ule ulikuwa wa haki. Ndio uliompa msomaji wa Kiswahili Bwana Msa na riwaya ya upelelezi yenye lugha ya kuchezea. Lakini kukua kwa mazoea yale kulimaanisha kwamba mtunzi wa Lamu au wa Mombasa alifika mbele ya waamuzi akiwa nyuma hatua moja. Kwa sababu hiyo ushindi wa Sauti ya Dhiki, diwani iliyosimama wima katika Kimvita, ulikuwa hukumu juu ya lugha pia, na pengine hilo ndilo lililohitaji kuelezwa kwa maandishi kuliko yote. Walimu wa Rift Valley ambao wanafunzi wao huja na Kiswahili cha Kinandi, cha Kikeyo na cha Kibukusu wangenufaika kwa kuona jinsi jopo linavyotofautisha kosa la lugha na haki ya lahaja.

Aidha yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa daima katika manung'uniko, yaani msimamo na upendeleo. Mwaka ule ule wa 1974 ulitoka Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, diwani iliyoandikwa kwa mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa ukapamba moto. Tuseme mwanamapokeo aketi katika jopo na Kichomi kiletwe mbele yake. Anaamini kwa dhati kwamba utungo usio na vina si shairi. Akikikataa, je, amedhulumu? La hasha, ikiwa imani yake ilitangazwa kabla ya shindano, na ikiwa waliomteua walimweka pamoja na mwenzake wa kambi ya pili. Msimamo wa kinadharia ni mali ya mhakiki. Bila huo hana jicho la kutazamia. Dhuluma huingia pale msimamo unapotumika kimyakimya, mtunzi akaletewa shindano linaloitwa la ushairi kumbe ni la vina. Upendeleo ni kitu kingine. Huo haujali vina wala mizani. Unajali nani ni nani. Mtu mwenye msimamo anaweza kuandika sababu zake na kuzitia sahihi. Mwenye upendeleo hawezi, kwa kuwa sababu yake ya kweli haiandikiki.

Tuzo ya Noma, iliyotolewa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika kuanzia mwaka 1980 hadi 2009, inatoa funzo lisilotarajiwa. Ilipokea vitabu vya lugha yoyote ya bara hili, na mwaka 1984 mmoja wa washindi wake wawili alikuwa Gakaara wa Wanjau, kwa kumbukumbu zake za kizuizini alizoziandika kwa Kikuyu. Wajumbe wa jopo la kimataifa hawawezi kuzijua lugha zote za Afrika. Kwa hiyo utaratibu wa tuzo hiyo ulitegemea tathmini za wataalamu wa lugha na fani zilizohusika. Kutojua lugha kuliwalazimisha waamuzi kudai hoja. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba majopo ya Kiswahili, ambayo kila mjumbe anaijua lugha, yameona kwamba kujua kwao kunawatosheleza.

Mashaka haya yangekuwa madogo kama tuzo ingekuwa ni heshima tupu. Lakini sivyo. Nchini Kenya Tuzo ya Jomo Kenyatta, iliyowahi kukatika kwa miaka mingi kisha ikafufuliwa, hutolewa kila baada ya miaka miwili, na kibandiko chake juu ya jalada husaidia kuuza kitabu. Kitabu kinachosifiwa kina nafasi ya kutazamwa na wale wanaochagua vitabu vya kutahiniwa shuleni, na kitabu kinachotahiniwa husomwa na kila mtahiniwa wa kidato cha nne kwa miaka kadhaa mfululizo. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano wa kiwanda cha Mabati na Chuo Kikuu cha Cornell ilitenga jumla ya dola 15,000 kwa washindi wa riwaya na ushairi. Tanzania nayo ilianza kuitoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwaka 2023. Juu ya fedha kuna vyeo: mhadhiri akiomba kupandishwa, tuzo huandikwa katika wasifu wake. Nao wanaoamua ni kina nani? Ni wahadhiri. Mtu mmoja huweza kuwa mtunzi wa riwaya, mwandishi wa mwongozo wa riwaya ya mwenzake, mhariri mshauri wa kampuni ya uchapishaji, mtahini wa nje wa chuo jirani, na mjumbe wa jopo la tuzo, yote katika mwaka mmoja. Hili halitokani na uovu. Idadi ya wenye ujuzi ni ndogo, na kazi ni nyingi. Lakini mduara ukiwa mdogo kiasi hicho, kauli ya "nina imani na dhamiri yangu" haimtoshi aliye nje ya mduara. Yeye huhitaji kuona kwamba mjumbe alitaja uhusiano wake na mtunzi, kwamba alitoka chumbani wakati wa kura, na kwamba waliobaki waliandika walichokiona katika kitabu.

Hapa wakazi wa Uasin Gishu wana kipimo chao, na kinawapotosha kidogo. Mji wa Eldoret umezoea mashindano ambayo mshindi wake hahitaji maelezo. Kipchoge Keino alipowashinda wenzake katika mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, utepe na saa vilitosha kuwa hoja. Mtu aliyelelewa na riadha huelekea kudhani kwamba tuzo ya kitabu nayo ina utepe mahali fulani, na kwamba kama mshindi hakuonekana kwa macho basi utepe umeibwa. Fasihi haina utepe. Kilicho nacho badala yake ni maneno ya waamuzi, na maneno hayo yasipotolewa mtazamaji hubaki kuutazama uwanja mtupu.

Yapo mashindano mengine ambayo wanafunzi wa mkoa huu wanayajua vizuri vilevile, nayo ni tamasha za shule za muziki na za drama. Huko mwamuzi husimama mbele ya wanafunzi na walimu wao akasema alichokipenda na alichokikosa: sauti haikufika nyuma, mgogoro ulitatuliwa upesi mno, mavazi yalisema kuliko mhusika. Watoto wa kidato cha pili hupewa hoja ambazo watunzi wazima hawapewi. Utaratibu huo hauna kinga dhidi ya wakubwa, bila shaka. Mwaka 2013 mchezo Shackles of Doom wa Cleophas Malala, ulioigizwa na wasichana wa shule ya Butere, ulizuiwa kufika tamasha ya kitaifa hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 yalijirudia: Echoes of War, wa mtunzi huyo huyo na shule hiyo hiyo, mahakama ikaamuru uruhusiwe, na mjini Nakuru polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi, wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Yeyote anayeuona mwaka 1974 kuwa wa kizamani alinganishe. Lakini zingatia pia palipovunjika: mchezo haukushindwa mbele ya waamuzi wa sanaa. Ulikataliwa nje ya uamuzi wao, na mkataaji hakulazimika kusema lolote juu ya mgogoro, wahusika wala lugha.

Kutoka hapo hadi tuzo za vyuo vyenyewe si mbali. Kila mahafali huwa na mhitimu bora wa idara na tasnifu iliyosifiwa. Mara nyingi msimamizi wa tasnifu ndiye anayeipendekeza, na wenzake huona haya kumpinga, kwa kuwa mwakani zamu ni yao. Hufuatwa alama. Lakini alama ya tasnifu nayo ni hukumu ya watu watatu au wanne, na ripoti ya mtahini wa nje, ambayo aghalabu ndiyo hati pekee yenye hoja kamili juu ya kazi ile, hufungiwa kabatini. Mwanafunzi aliyeshindwa huambiwa ameshindwa. Mwanafunzi aliyeshinda naye, jambo ambalo hutajwa kwa nadra, huondoka bila kujua ni sura gani ya kazi yake iliyomshindia, na akiingia darasani kufundisha hana cha kuwarithisha wanafunzi wake isipokuwa cheti.

Wapo wanaosema kwamba chema chajiuza, na kwamba kitabu kizuri kitaishi bila tuzo na bila ripoti. Kwa vitabu vichache hilo ni kweli. Kwa vingi si kweli, hasa vya mtunzi mpya wa Kapsabet au Kitale ambaye hana jamaa katika nyumba ya uchapishaji. Wengine huogopa kwamba mwamuzi akilazimishwa kuweka sababu wazi ataogopa kusema kweli, hususan juu ya mwandishi mwenye nguvu. Hofu hii ni ya kuheshimiwa zaidi. Katika nchi ambayo tuzo zina majina ya watawala na vyuo vina majina ya watawala, na ambamo maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Moi inaitwa kwa jina la Margaret Thatcher, mtu hujifunza mapema kupima anachotia sahihi.

Kwa hofu hiyo Chuo cha Uswidi, pamoja na makosa yake yote, likiwemo lile la mwaka 2018 ambapo tuzo ya fasihi haikutolewa kwa sababu ya kashfa ndani ya nyumba yake, kina kanuni inayofaa kuazimwa na kurekebishwa. Majadiliano ya waamuzi huwekwa siri kwa miaka 50, kisha hufunguliwa. Hati za mwaka 1974 zilikomaa mwanzoni mwa mwaka 2025, na mtafiti aliye Eldoret sasa anaweza kuagiza kuona yaliyosemwa juu ya Johnson na Martinson. Kwa tuzo za Kiswahili miaka 50 ni mingi mno. Mtunzi atakuwa kaburini na mhakiki wake kando yake. Miaka 5 ingetosha: sababu fupi zitolewe siku ya tuzo, na ripoti za waamuzi, mmoja mmoja na sahihi yake, zikabidhiwe maktaba ya chuo kimojawapo, zifunguliwe muda huo ukitimia. Idara inayotaka kuanza inaweza kuanza na tuzo yake ndogo ya tasnifu, ambayo haihitaji mfadhili wala karamu, ila faili, kabati na mtu wa kushika ufunguo.